Sala ya Kufungua Mkutano

Tarehe tisa Novemba, mwaka wa pili tangu vyama vingi viruhusiwe nchini, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya meza kuu katika uwanja wa shule ya msingi ya Gulwe, nikijaribu kukifunga kipaza sauti changu kidogo kwenye kile kikubwa cha wenyeji. Utepe ulikuwa umelegea kwa jua na vumbi, ukakataa kushika. Wageni walipoanza kuketi sikuweza tena kuondoka bila kukatiza mbele yao, jambo ambalo binti wa umri wangu hangelifanya mbele ya watu wazima. Basi nikabaki pale pale, magoti mchangani, kinasa sauti kifuani, nikitazama viatu vya mgeni rasmi na chupa za soda zilizokuwa zikitokwa jasho mezani. Nilikiwasha kinasa sauti ili nijue kama kilikuwa kikifanya kazi. Sikukusudia kurekodi sala. Katika mikutano yote niliyokwisha kuhudhuria mwaka ule, ratiba ilipofika mahali pa "dua na sala" nilizima mashine ili kuokoa betri. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mawasiliano, nami nilitumwa Dodoma kukusanya hotuba, yaani yale maneno ambayo wakubwa waliwaambia wananchi na yale ambayo wananchi, kwa mara ya kwanza bila woga mwingi, walianza kuwajibu wakubwa. Sala niliihesabu pamoja na ngoma na kwaya za wanafunzi: mambo mazuri yanayotangulia jambo lenyewe.

Shehe wa kijiji aliomba dua fupi ya Kiarabu na kukaa. Akafuata Mwalimu Stefano Ndahani, mwalimu wa darasa la sita na mzee wa kanisa, mtu mfupi mwenye koti lililofungwa vifungo vyote licha ya joto. Alisema, "Tusimame, tufumbe macho," na uwanja mzima ukasimama, wafugaji waliokuwa pembeni wakaegemea fimbo zao, meza kuu nayo ikasimama. Akaanza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumza na jirani kupitia uani. "Bwana Mungu wetu, tunakushukuru kwa mgeni wetu. Ni wewe uliyemleta, maana sisi tulimwalika msimu wa juzi na msimu wa jana, hakupata nafasi. Baba, unaijua mashine yetu ya kisima. Ilipelekwa mjini kutengenezwa, na sisi wenyewe tuliisukuma mpaka stesheni, ukatuona. Kama imepona, ikumbushe njia ya kurudi. Kama iko mahali inamwagilia zabibu, zibariki zabibu hizo, kwa kuwa hazina kosa. Ila mashine, Bwana, ni ya Gulwe. Kina mama wanafukua mchanga mtoni kama kuku. Mguse kila mwenye neno katika jambo hili, awe mkubwa awe mdogo, umpe wepesi. Tunakuomba haya tukijua kwamba wewe hukasiriki ukikumbushwa." Uwanja ukaitikia amina kwa kishindo ambacho kwaya haikukifikia siku ile, na juu ya kichwa changu, karibu kabisa na kipaza sauti, nikasikia amina nzito ya mgeni rasmi mwenyewe. Kisha watu wakafumbua macho. Niliona kiatu kimoja cha mgeni rasmi kikianza kugonga ardhi polepole, na nikajua kwamba yale maneno yalikuwa yamemfikia baada ya yeye kuyaitikia.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwaka huu, katikati ya kiangazi, tulimzika Mwalimu Ndahani. Alikufa kitandani mwake akiwa mzee sana, mstaafu mwenye pensheni yake, amezungukwa na wajukuu waliokuwa wakibishana nani amshikie kikombe. Baada ya maziko mjane wake, Mama Eliya, aliniketisha kando yake juu ya mkeka na kuniambia, bila machozi, "Wewe umeandika vitabu vya wazungu juu ya watu wa Mungu miaka yote hii. Andika na kile cha kwetu, kwa lugha ambayo hata mimi nikisomewa nitacheka." Nikamwahidi. Nilipokuwa nikirudi mjini, nilishangaa jinsi moyo wangu ulivyokuwa mwepesi kwa mtu anayetoka msibani. Nadhani ni kwa sababu kifo kile kilikuwa kifo cha mwalimu. Mwaka ule wa ujana wangu kulikuwa na majuma kadhaa ambapo ilionekana wazi kwamba hangebaki mwalimu, na kwamba sauti ambayo ingemwondolea kazi ilikuwa imelala ndani ya sanduku langu la bati, kati ya khanga na kamusi.

Sanduku lenyewe lilikaa chini ya kitanda katika chumba cha uani, nyumbani kwa Bi. Mwanaidi, Chang'ombe. Kuta za vyumba vya nyumba ile hazikufika kwenye bati. Ziliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na juu yake palikuwa wazi, hivyo harufu ya maandazi, moshi wa mkaa na mazungumzo yote ya nyumba yalipita humo bila kupiga hodi. Pale palikuwa chuo kikuu changu cha pili, na pengine cha kwanza. Kulipopambazuka Bi. Mwanaidi alikuwa tayari kwenye karai lake la mafuta, na shoga yake, muuza mkaa wa nyumba ya pili, alikuwa tayari kwenye kigoda chake. Nchi nzima wakati ule ilikuwa imefunguka mdomo. Maduka ya mtaani yalijaa redio za kutoka Dubai na nguo za mitumba. Magazeti mapya yalizaliwa na kufa kabla hujazoea jina. Uwanjani huku mhubiri wa injili alikuwa na jenereta lake, uwanjani kule wahadhiri wa Kiislamu walikuwa na lao, na katikati chama kipya kilikuwa kikiomba kibali cha mkutano. Wale kina mama wawili waliyapima yote hayo kwa mizani yao, na asubuhi moja, baada ya kunisikia nikiirudia kanda ya Gulwe, walinipima mimi.

"Shoga, yule binti wa chumba cha uani anarekodi watu wakisali," alisema muuza mkaa.

"Nimeona."

"Ni usalama huyo."

"Usalama gani anayekuja kuniomba kaa la moto la kuwashia jiko? Hebu tazama na viatu vyake."

"Ndivyo wanavyojificha."

"Basi huyu amejificha vizuri, maana hata mchumba hajamwona."

Nilikohoa. Mafuta yakachemka, kisha Bi. Mwanaidi akapaza sauti kwa upole mkubwa: "Binti, umeamkaje? Maandazi yako tayari, mwanangu." Nikatoka, nikamwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba kama mtu asiyejua hata jina langu. Nilijifunza pale jambo ambalo baadaye nimelifundisha kwa maneno marefu zaidi: kwamba maneno yasemwayo mbele ya mtu na yasemwayo nyuma yake ni fani mbili tofauti, kila moja na adabu yake. Wakati ule sikujua kwamba ipo fani ya tatu, ambayo humwambia mtu jambo mbele yake huku ikijifanya haimwambii yeye.

Habari ya sala ya Gulwe iliwahi mjini kabla yangu. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa imekuwa habari tatu. Sokoni nilisikia kwamba mwalimu mmoja alimwita mgeni rasmi mwizi hadharani. Katika ofisi moja nilikokwenda kuomba kibali, makarani walinong'onezana kwamba mwalimu huyo alitumwa na chama cha upinzani na kwamba sala yenyewe iliandikwa Dar es Salaam. Na kwenye benchi la kanisa nililoketi Jumapili, bibi mmoja alimweleza mwenzake kwamba mashamba ya zabibu ya upande wa Zuzu yalikuwa yamelaaniwa na yangenyauka kabla ya mavuno. Mgeni rasmi alikuwa na shamba la zabibu upande wa Zuzu. Kila mtu alilijua shamba hilo, na kila mtu alijua pia kwamba lilikuwa kijani katika miezi ambayo mashamba mengine yalikuwa na rangi ya majivu. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuuliza. Swali lilipata mahali pake siku ile tu, katikati ya watu waliofumba macho.

Kisha tarishi akaja Chang'ombe kwa baiskeli na kuniletea wito. Kamati ya nidhamu ingelisikiliza shauri la mwalimu wa Gulwe, mtumishi wa umma aliyedaiwa kuingiza siasa katika ibada na kumdhalilisha kiongozi. Nami, kwa kuwa nilionekana na mashine ya kunasa sauti, nilitakiwa nifike na kanda pamoja na maandishi ya yaliyomo. Adhabu haikutajwa katika wito, lakini tarishi, ambaye alikubali chai, aliitaja: akipatikana na hatia atafukuzwa kazi, na nyumba ya shule atatakiwa aiachie kabla muhula mpya haujaanza. Bi. Mwanaidi alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tarishi alipoondoka aliniambia, "Wewe mwanangu, sema kanda imeliwa na redio. Kila siku zinaliwa. Mimi mwenyewe nitasimama niseme redio ilikuwa yangu." Ulikuwa uongo mzuri, uongo wa mtu mwenye huruma, nami niliufikiria kwa siku nzima. Kilichonizuia hakikuwa ushujaa. Niliona kwamba bila kanda zingebaki zile habari tatu, na kati ya hizo hakuna hata moja ambayo mwalimu angeweza kupona nayo.

Nilipanda treni kwenda Gulwe kumwuliza mwenyewe. Nilifika jua likielekea kuzama na kuipiga hodi nyumba ya shule, na Mama Eliya akanikaribisha kwa "Mbukwenyi" ya Kigogo, akacheka nilipoitikia vibaya, akaninawisha mikono. Tulikula ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, sisi watatu, watoto wakiwa wamekwisha kulala, kwenye chumba ambacho nusu yake ilikuwa madaftari ya wanafunzi, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja kilichonileta. Mwalimu aliuliza habari za mvua za Dodoma. Mama Eliya aliuliza kama kweli mjini siku hizi watu wananunua maji yaliyotiwa ndani ya chupa, na nilipomwambia ni kweli alitikisa kichwa akasema, "Basi na sisi tuutie mchanga wa mto kwenye chupa, tuuze." Ndipo nikatoa wito, nikausoma. Nikawaeleza na ushauri wa Bi. Mwanaidi.

"Huyo mama ana akili," alisema Mama Eliya mara moja. "Kanda iliwe. Kwani Mungu alikuwa hajasikia, mpaka asikilizishwe kwenye redio?"

"Mungu amesikia," alijibu Mwalimu. "Ambao hawajasikia ni hao wa kamati. Wameambiwa tu. Na kila anayewaambia anatia chumvi yake."

"Na wakikufukuza? Utawaambia hawa watoto wakalale kwenye chumvi?"

Mwalimu alikuwa akikusanya tonge kwa uangalifu, kama mtu ambaye tonge lile lingeandikwa mahali. "Mimi sikusema kitu cha kuficha, mama Eliya. Nilimwambia Mungu mbele ya kijiji. Leo nikifurahi kwamba imepotea, nitakuwa nimekiri." Kisha akanigeukia mimi. "Peleka, binti yangu. Ipeleke yote, na zile kelele za mbuzi mwanzoni." Mama Eliya aliinuka akatoa vyombo. Kutoka jikoni tulimsikia akisema na sufuria, kwa sauti ya kutosha kufika sebuleni, kwamba wapo watu walioolewa na walimu na wapo walioolewa na mashahidi, na kwamba yeye alidhani ameolewa na mwalimu.

Mjini niliiandika sala kwa taipu, kwa kuwa kamati ilitaka maandishi. Ni kazi niliyokuwa nimeizoea. Nilikwisha kuchapa hotuba nyingi. Lakini kila nilipousoma ukurasa ule nilizidi kuogopa. Kwenye karatasi sala iligeuka hati ya mashtaka. "Kama iko mahali inamwagilia zabibu" ilisimama peke yake kama kidole kilichonyooshwa usoni. Ile sauti ya kuzungumza na jirani haikuwamo, wala minong'ono ya kina mama, wala ule ukimya wa watu walioinamisha vichwa pamoja, wala amina. Niliitia amina kwenye mabano mwishoni, nikaona imekuwa jambo la kuchekesha, nikaifuta, kisha nikairudisha. Msimamizi wangu wa masomo, profesa mwema ambaye wakati wote alikuwa Dar es Salaam, alikuwa ameniandikia mapema mwaka ule: "Sala ni jambo la mtu na Mungu wake, sisi tunasoma mambo ya watu na watu." Nilipokuwa nimeketi mbele ya taipu ile nilitambua kwamba nilikuwa na swali lake halisi mkononi, kama sala ile ilikuwa ya mtu na Mungu au ya watu na watu, na kwamba riziki ya mtu ilitegemea jibu.

Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu, chupa kubwa ya chai na sahani ya maandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa cha vitobo. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Mwenyekiti, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kulikuwa na wajumbe kadhaa, na kati yao Mzee Rajabu, mhasibu mstaafu mwenye kofia ya kufuma, ambaye alionekana kuja kwa ajili ya chai. Mlalamikaji alikuwa Bwana Kihwele, msaidizi wa mgeni rasmi, kijana nadhifu aliyekuwa ameandaa ziara ile ya Gulwe na ambaye, nadhani sasa, aliogopa kuliko sisi sote. Mwalimu Ndahani alihojiwa kwanza. Alikubali kwamba alisali, akakana kwamba alitumwa, akaambiwa angoje nje kwenye benchi, alikokuwa ameketi Mama Eliya na kikapu cha chakula. Nikaitwa mimi. Bwana Kihwele alichukua karatasi yangu akaisoma kwa sauti ya mahakamani, akitua kila penye nukta.

"'Kama iko mahali inamwagilia zabibu.' Ndugu wajumbe, nauliza: zabibu hizo ni za nani?"

Mjumbe mmoja aliitazama ncha ya kalamu yake kama anayeiona leo. Mzee Rajabu alimeza andazi, akasema, "Wewe ndiye uliyeuliza, Bwana Kihwele. Tutajie."

Kicheko kilipita mezani na kukatwa. Bwana Kihwele akasema kwamba hilo halikuwa la kufanyiwa mzaha, kwamba mtumishi wa umma aliyekusudia kuuliza habari za mashine alikuwa na ngazi za kufuata, na kwamba aliichagua sala kwa sababu katika sala hakuna anayeweza kusimama na kumjibu. Alisema kweli. Nimeandika kurasa nyingi tangu siku ile kuhusu mamlaka ya maneno ya dini hadharani, na sijaweza kuipita sentensi yake: katika mkutano wote, sala ndiyo hotuba pekee isiyoweza kukatizwa, isiyopigiwa miluzi, isiyoombewa mwongozo wa mwenyekiti. Nilimwogopa kwa jinsi alivyokuwa sahihi. Mama Mwenyekiti alivaa miwani, akaniuliza kama maandishi yale ni sahihi, nami nikasema maneno ni sahihi. "Basi," akasema, akaisogeza karatasi. Nikasikia sauti yangu ikitoka kabla sijaipa ruhusa.

"Mama Mwenyekiti, naomba kamati isikilize kanda."

"Karatasi haijatosha?"

"Karatasi haina sauti, Mama Mwenyekiti. Mwalimu anashtakiwa kwa kusema. Naomba lisikilizwe lile alilosema, jinsi alivyolisema."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alikuwa amechoka kusikia sauti ya Bwana Kihwele. Akaagiza nafasi ipatikane, na kinasa sauti changu kikawekwa kati ya chupa ya chai na sahani ya maandazi. Nikabonyeza. Kwanza walilia mbuzi, ikafuata mikwaruzo ya utepe wangu, dua ya shehe, kisha sauti ya Mwalimu, tulivu, ikajaza chumba: "Tusimame, tufumbe macho."

Hakuna aliyesimama, bila shaka. Ilikuwa kanda, nasi tulikuwa ofisini. Lakini mjumbe aliyekuwa ameinua kikombe alikirudisha mezani bila kunywa. Aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Mzee Rajabu, aliyeitikia dua ya shehe kwa midomo tu, aliacha viganja vyake wazi juu ya meza. Mama Mwenyekiti alivua miwani. Sala ilipofika kwenye kina mama wanaofukua mchanga kama kuku, kichwa chake kilikuwa kimeinama, na nilipothubutu kumtazama Bwana Kihwele nilikuta ameweka kalamu chini na kufumba macho, mikono yake miwili imeshikana kama ya mtoto wa Jumapili. Nilitaka kusimamisha kanda. Niliona kwamba nilikuwa nawatazama watu wakiwa wametoka kwenye vyeo vyao bila kujua, na haikuwa adabu kuwatazama. "Tunakuomba haya," ilisema sauti, "tukijua kwamba wewe hukasiriki ukikumbushwa." Uwanja wa Gulwe ukaitikia. Na kamati ya nidhamu, yote, mwenyekiti, wajumbe, mhasibu mstaafu na mlalamikaji, ikaitikia pamoja nao: "Amina."

Kanda iliendelea peke yake kidogo, na kikohozi cha mtu na viti vinavyosogezwa. Nikaizima. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzee Rajabu alipitisha viganja usoni, taratibu, akamaliza.

"Jamani," akasema Mama Mwenyekiti. "Tumeitikia."

"Ni mazoea tu, Mama Mwenyekiti," akasema Bwana Kihwele, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Mimi si mazoea," akasema Mzee Rajabu. "Mimi nimeitikia kabisa. Mashine ni ya Gulwe."

"Hata kama ni mazoea," akaendelea Mama Mwenyekiti, na sasa alikuwa akiyazuia mabega yake yasitikisike, "mimi nitaandikaje kwamba mwalimu kaomba vibaya, nami mwenyewe nimemwunga mkono sasa hivi mbele ya shahidi? Na wewe mlalamikaji umemwunga mkono." Akanigeukia. "Binti, siku ile, mgeni rasmi naye aliitikia?"

"Aliitikia, Mama Mwenyekiti. Ile sauti iliyo karibu zaidi ni yake."

Hapo ndipo chumba kizima kilipoangua kicheko. Walicheka kama watu walioruhusiwa, mpaka mjumbe wa kalamu akatoa leso, mpaka hata Bwana Kihwele akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu la mtu aliyeona mlango wa kutokea. Shauri liliahirishwa mpaka tarehe itakayotajwa, na kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kwamba tarehe ya namna hiyo huwa haitajwi.

Nilitoka nje. Mwalimu na mkewe walisimama kutoka kwenye benchi, naye Mama Eliya alikuwa amekikumbatia kikapu kifuani kama mtu anayengoja kutupiwa kitu.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wamesema amina," nikajibu, nikaanza kulia.

Tulikula viporo vya Gulwe pale pale kwenye benchi, kwa mikono isiyonawiwa vizuri, na Mzee Rajabu alipotoka aliketi nasi bila kualikwa. Januari ilikuja barua fupi shuleni iliyosema kwamba shauri limefungwa, na Mwalimu akaendelea na darasa lake la sita mpaka alipostaafu. Baada ya masika ilishushwa stesheni mashine ya kisima. Haikuwa ile ya zamani, ilikuwa imepakwa rangi mpya, na haikuandaliwa sherehe wala mgeni rasmi. Wapo waliosema ni sala na wapo waliosema ni uchaguzi uliokuwa unakaribia. Mimi, ambaye kazi yangu imekuwa kutenganisha mambo hayo mawili, sijafaulu bado.

Miaka yote iliyofuata nimekaa nyuma ya spika za watu. Nimewasikiliza mapadri na mashehe, wachungaji wa mahema na wagombea waliogundua dini wiki moja kabla ya kampeni, na nimewaona watu wakiitikia mambo ambayo wangeyakataa kama wangeulizwa wakiwa wamefumbua macho. Hilo ndilo lililonikera usingizini hata katika furaha ya siku ile: kilichomwokoa mwalimu kilikuwa mazoea, na mazoea hayachagui wa kumwokoa. Lakini nikiyaweka yote pamoja, ahueni inazidi. Nilimwona mtu mwema akirudi darasani kwake. Na nilipata mada. Nilimwandikia profesa wangu yote yaliyotokea, naye akanijibu kwa sentensi moja, akisema anaondoa pingamizi, na siku iliyofuata niliketi mezani kwangu Chang'ombe, maandazi ya Bi. Mwanaidi yakipoa pembeni, nikaandika barua ambayo Mama Eliya aliihifadhi na kunipa siku ya maziko.

Chang'ombe, Dodoma
Mwishoni mwa Januari

Mpendwa Mwalimu Ndahani,

Shikamoo. Natumaini wewe, Mama Eliya na watoto ni wazima. Mimi ni mzima, na tangu nilipopata habari ya kufungwa kwa shauri ninalala vizuri.

Nakuandikia kuomba. Chuo kimekubali niache hotuba na niandike tasnifu yangu juu ya sala zinazofungua mikutano ya hadhara. Ningependa kuanza na sala yako. Sitaandika jina lako wala cheo cha mtu yeyote. Lakini maneno ni yako, na uliyasema kwa Mungu, si kwa chuo kikuu. Kamati ilipoyasikiliza, wewe uliniruhusu kwa sababu ulikuwa unashtakiwa. Sasa hushtakiwi, kwa hiyo ruhusa ile nahesabu kwamba imekwisha.

Ukikataa, nitakuletea kanda mkononi mwako kwa treni ya kwanza nitakayoipata, na nitaanza na sala za watu wengine. Sitakuheshimu pungufu. Zungumza na Mama Eliya kabla ya kujibu, maana najua yeye ana maoni.

Nina ombi moja la mwisho. Nimeona miezi hii jinsi neno amina linavyoweza kumtoka mtu kabla hajajua amekubali nini. Kwa hiyo tafadhali, Mwalimu, usinijibu kwa amina. Niandikie ndiyo, au hapana.

Wako mtiifu,
Tabitha